Ordinatere ya nyumbani kwa pesa kidogo: vipande gani kununua kwanza, na vipi kuongeza kisha

Watu mingi wa Katoyi wanajua hii safari: kle ya USB mfukoni, kutoka kartie mpaka kwenye sekretaria, kulipa ukurasa kwa ukurasa, kisha kurudi kesho yake juu mwalimu ameomba kusahihisha sura moja tu. Mwanafunzi anayemaliza TFC, mama anayefuata hesabu za duka lake, mwalimu anayetayarisha mitihani, kijana anayetaka kufungua sekretaria yake mwenyewe, wote wanafika kwenye swali moja: kwa pesa hii kidogo niko nayo, naweza kupata mashini gani ya nyumbani, na isinifie kisha miezi mitatu?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia Goma na benki zikafunga milango. Jamaa mingi zinaishi na pesa ya mkononi tu. Mtu akikosea kununua mashini, hana fasi ya kukopa ili anunue ingine. Njo maana tumekusanya hapa maelezo ya kukusaidia kuchagua vipande vya bei nafuu, vyenye unaweza kuongeza pole pole kadiri pesa inapatikana. Hatutataja bei, juu bei ya asubuhi kule Birere mara nyingi haiko tena bei ya jioni. Tutaeleza ginsi ya kupima kitu chenyewe.

Sheria ya kwanza

Katika ordinatere kuko vitu vyenye unaweza kubadilisha kwa urahisi, na kuko vitu vyenye ukishanunua, umefungwa navyo. Memori na diski unaweza kuongeza wakati wowote, kwa turnevisi moja na dakika kumi. Lakini karte-mere, yaani ile sahani kubwa yenye kubeba vipande vyote, njo inaamua ni prosesa gani itakubali, ni memori ya aina gani, na diski ngapi. Ukinunua karte-mere mbaya, kila kitu utakachoongeza kisha kitafuata ubaya wake.

Kwa hiyo usitazame kwanza ukubwa wa diski wala wingi wa memori. Muuzaji anapenda kutaja hivyo juu ni namba kubwa, zinafurahisha sikio. Wewe tazama kwanza umri wa karte-mere na prosesa, kisha nafasi iliyobaki tupu ya kuongeza. Mashini ya kizazi kizuri yenye giga 4 tu za memori inapita mashini ya zamani sana yenye giga 16. Ile ya kwanza utaikuza. Ile ya pili imeshafika mwisho wa njia.

Mnara, ya kadogo, ao laptopu?

Mashini nyingi za mezani zinazouzwa okazio mjini kwetu ni zile zilizotumika kwenye maofisi ya Ulaya, Marekani na Asia: Dell OptiPlex, HP ProDesk na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hizi ni chaguo nzuri kwa mwenye pesa kidogo. Zilitengenezwa kufanya kazi siku nzima, miaka na miaka, na vipande vyake vinapatikana. Lakini jina moja linaweza kubeba maumbo matatu tofauti.

Ya kwanza ni mnara, ile ndefu inayosimama. Ina nafasi ya diski mbili ao zaidi, mara nyingi fasi nne za memori, na unaweza kuweka karte grafiki ya kawaida. Ya pili ni ile nyembamba inayolala mezani chini ya ekra. Inakubali kuongeza, lakini karte grafiki yake inaomba kuwa ya umbo fupi. Ya tatu ni ya kadogo sana, sawa kitabu kinene. Inakula umeme kidogo na inabebeka kwa mkono mmoja, lakini inatumia memori fupi za laptopu, na alimantasio yake iko inje, sawa sharja ya laptopu.

Na laptopu? Ina batri yake, na kwa mji wenye delestaji hiyo ni faida kubwa. Lakini kwa pesa ileile, mashini ya mezani ya okazio mara nyingi inakuwa na nguvu zaidi, na kipande kikikufa unabadilisha kile kimoja tu. Klavye ya mashini ya mezani ikiharibika, unanunua klavye. Klavye ya laptopu ikiharibika, unatafuta ya modeli ile ile, na fundi anafungua mashini nzima. Ukichagua laptopu, angalia kama memori yake imewekwa kwenye fasi ya kutoa, ao imechomelewa kwenye karte-mere. Ikichomelewa, hautaongeza kitu.

Kusoma namba ya prosesa

Kwenye soko utasikia: “Papa, hii iko i7, haina problème!” Neno i7 peke yake halisemi kitu. Tazama namba inayofuata. Kwa Intel, i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i3-8100 ni cha 8, na i5-10400 ni cha 10. Namba ya mwanzo, ao namba mbili za mwanzo kama ziko tano zote, njo inaonyesha kizazi.

Mfano: i7-2600 ilitoka mwaka 2011 na i3-8100 ilitoka mwaka 2017. Zote ziko na kore 4. Ya kwanza ilipangiwa wati 95, ya pili wati 65. Kwa kazi za kila siku, ile i3 haiachwi nyuma na ile i7, na inatumia memori ya aina mpya zaidi. Lakini muuzaji anaweza kukuombea pesa nyingi kwa ile ya zamani, juu ya herufi moja na tarakimu moja tu.

Herufi za mwisho pia zinasema kitu. T maana yake ni prosesa ya umeme kidogo: i5-6500T ni ya wati 35, wakati i5-6500 ni ya wati 65. F maana yake haina picha ndani, kwa hiyo bila karte grafiki ekra itabaki nyeusi. Kwa prosesa nyingi za AMD Ryzen za vizazi vya 1000 mpaka 5000 ni kinyume: zile zenye G mwishoni njo ziko na picha, na zile hazina G zinaomba karte grafiki. Watu wamenunua Ryzen nzuri bila kujua, kisha wakafikiri mashini imekufa, kumbe haikosi chochote, inakosa paka karte grafiki.

Leo, kwa mashini ya kawaida ya nyumbani, tunashauri kuanzia kizazi cha 6 cha Intel. Kama pesa inafika, kizazi cha 8 ni bora zaidi, na sababu tutaiona kwenye sehemu ya Windows. Kizazi cha 4 kingali kinaweza kuandika TFC na kufungua intaneti, lakini usikilipe sana, juu kinatumia memori ya DDR3 na hautapanda nayo mbali.

Fasi ya prosesa: usijidanganye na umbo

Prosesa inakaa kwenye soketi. Kizazi cha 2 na cha 3 vya Intel vinatumia soketi 1155. Cha 4 kinatumia 1150. Cha 6, 7, 8 na 9 vyote vinatumia 1151, na hapa njo kuko mtego: prosesa ya kizazi cha 8 inaingia kimwili kwenye karte-mere ya kizazi cha 6, lakini mashini haitawaka. Vizazi cha 6 na 7 vinaenda pamoja, cha 8 na 9 vinaenda pamoja, lakini havichanganyikani. Kizazi cha 10 na 11 vinatumia 1200. Cha 12, 13 na 14 vinatumia 1700.

AMD ilienda njia ingine. Soketi yake ya AM4 ilipokea prosesa za Ryzen kutoka zile za kwanza za 2017 mpaka za kizazi cha 5000. Mtu aliyenunua karte-mere ya AM4 na prosesa ya bei ya chini anaweza, kisha miaka miwili, kuweka prosesa yenye nguvu zaidi bila kubadilisha kitu kingine. Inaomba tu kuhakikisha kwamba karte-mere ile inakubali prosesa mpya, juu zingine zinaomba kwanza kusasishwa kwa programu yake ya ndani, BIOS. Kama unajenga mashini kipande kwa kipande, AM4 ni njia nzuri ya kukua. Kama unanunua mashini nzima ya ofisi, Intel njo utakuta nyingi zaidi sokoni.

Memori: giga 8 kwanza

Kwa kuandika, kuhesabu, na kufungua kurasa chache za intaneti, giga 4 zinasukuma kwa shida, giga 8 zinatosha, giga 16 zinakupa raha. Ukinunua, afazali kijiti kimoja cha giga 8, na fasi ingine ibaki tupu, kuliko vijiti viwili vya giga 4 vinavyojaza fasi zote za mashini yako. Siku pesa inapatikana, utaongeza kijiti cha pili sawa na kile cha kwanza, na mashini itapata pia mwendo zaidi, juu vijiti viwili vinafanya kazi pamoja.

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato ulio chini ya kijiti uko fasi tofauti kwa kila aina, kwa hiyo usisukume kwa nguvu. Ndani ya DDR3 kuko pia DDR3L, ya volti 1,35 kuliko 1,5. Mashini zingine za kizazi cha 6 zinaomba hiyo L. Kwa hiyo usiende sokoni na neno “memori” tu. Toa kijiti chako cha zamani, kifunge ndani ya karatasi, nenda nacho.

Angalisho lingine: memori za serveri. Zinauzwa bei ya chini, giga nyingi, na zinafanana kabisa na za kawaida. Kwenye karatasi yake utaona herufi R kisha namba, mfano PC4-2400T-R. Hizo hazifanyi kazi kwenye mashini ya nyumbani. Za kawaida zinaandikwa U, na zile fupi za laptopu zinaandikwa S.

Diski: hapa njo utaona tofauti kwa macho

Kama una mashini ya zamani nyumbani na pesa ya kipande kimoja tu, nunua SSD. Diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 mpaka 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 550. Na tofauti kubwa iko kwenye kutafuta mafaili madogo madogo, kazi yenye Windows inafanya bila kupumzika. Mashini iliyokuwa inaamka dakika tatu, inaamka kwa sekunde chache. Zaidi ya hiyo, SSD haina kitu cha kuzunguka ndani, kwa hiyo haiogopi kutikiswa wakati mashini inabebwa kwa moto kwenye barabara zetu za mawe.

Giga 240 ao 256 zinatosha kwa programu na kazi zako. Ile diski kubwa ya zamani usiitupe, iache ndani kwa kuweka picha, video na nakala. Hivi unapata mwendo wa SSD na nafasi ya diski ya zamani.

Kuko SSD ndogo sawa ubao wa chingamu, zinaitwa M.2. Hapa uwe mwangalifu: zingine ni za SATA, zingine ni za NVMe, na fasi moja haikubali lazima zote mbili. Mashini nyingi za kizazi cha 4 hazina fasi hiyo kabisa. Kama hauna uhakika, chukua SSD ya inchi 2,5. Hiyo inaingia karibu kwenye mashini yoyote ya mezani na kwenye laptopu nyingi za zamani.

Na uwe macho kwa diski za uongo. Ukiona SSD ao kle ya USB ya terabaiti 2 kwa bei ya giga 128, ujue ndani yake hakuna terabaiti 2. Mashini itakuonyesha hiyo namba, lakini ukishajaza kidogo, mafaili ya mbele yanaanza kuharibika. Programu za bure sawa H2testw kwa Windows ao F3 kwa Linux zinajaza diski na kusoma tena, zinaonyesha ukweli wote. Omba muuzaji siku moja ya kujaribu mbele ya kumaliza kulipa.

Alimantasio na umeme wa Goma

Katika miji mingine, mtu anaweza kuruka sehemu hii. Kwetu hapana. Umeme wa Goma unatoka kwenye kampuni mbalimbali: SNEL, Virunga Energies yenye kituo cha maji cha Matebe, Nuru yenye kituo cha jua kilichofunguliwa 2020, na zingine. Lakini karibu kila nyumba inajua umeme kukatika gafla, kisha kurudi na tansio ya juu. Ile dakika ya kurudi njo inaua mashini nyingi.

Ongeza radi. Watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walionyesha mwaka 2016 kwamba Kabare, kule Kivu Kusini, ni fasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Sisi tuko ziwa moja na wao. Mvua ikianza kunguruma, chomoa mashini kwenye priza, na kama una kabo ya intaneti, chomoa hiyo pia. Kuzima peke yake hakutoshi.

Tena, Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuingiza chuma cha masi ndani ya mawe hayo ni kazi ngumu, na nyumba nyingi za mbao hazina masi kabisa. Njo maana mtu anagusa boksi ya mashini na kusikia umeme ukimchoma kidogo vidoleni. Usiizoee hiyo. Omba fundi wa umeme atazame, na usiache watoto wacheze na boksi ya chuma ikiwa imechomekwa.

Kwa hiyo, katika bajeti yako weka tangu mwanzo pesa ya regilatere ya tansio, ao onduleri yenye batri kama inawezekana. Onduleri ndogo haitakupa saa nyingi, itakupa dakika chache za kuandikisha kazi na kuzima mashini vizuri. Hizo dakika zinaokoa TFC na diski pia. Ralonji ya bei ya chini yenye taa nyekundu haiko kinga, hata kama imeandikwa hivyo.

Kuhusu alimantasio ya ndani, tazama vitu vitatu. Cha kwanza: mashini zingine za zamani ziko na kitufe chekundu nyuma, cha 115 na 230. Mashini iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa bado kwenye 115. Ukichomeka kwenye umeme wetu wa volti 220, alimantasio inapasuka papo hapo. Cha pili: mashini nyingi za Dell, HP na Lenovo za ofisi zinatumia kichwa cha kabo cha kipekee, kisicho kile cha kawaida cha pini 24. Alimantasio yake ikifa, ya kawaida ya sokoni haitaingia bila adapta. Uliza mapema kama ya modeli yako inapatikana mjini. Cha tatu: kama unanunua alimantasio mpya, usifuate wati zilizoandikwa tu. Ile nyepesi sana mkononi, yenye kuandikwa wati 600 kwa bei ya chakula, haiwezi kutoa hizo wati. Mashini ya kawaida bila karte grafiki inafurahi na wati 250 za kweli.

Kwa wenye kutumia jua

Nyumba nyingi za Katoyi ziko na pano ya jua na batri. Fanya hesabu mbele ya kununua. Mashini ya mnara ya i5, kwa kazi ya kuandika, inakula karibu wati 40, na ekra ya LED ya inchi 20 karibu wati 20. Jumla 60. Kwa saa 4 za jioni, ni wati-saa 240, na onduleri inapoteza kidogo njiani, tuseme 280. Batri ya volti 12 na ampeya-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini batri ya risasi haifai kushushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Ni jioni mbili.

Mashini ya kadogo yenye prosesa ya herufi T inakula karibu wati 15 kwa kazi ileile. Pamoja na ekra ni 35, kwa saa 4 ni 140, na hasara ya njiani inafika 165. Batri ileile inakupa jioni tatu na zaidi. Kwa mwenye jua, hii tofauti inaweza kuwa na maana kuliko nguvu ya prosesa.

Windows ao Linux?

Microsoft ilisimamisha kusasisha Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa sheria yake, inaomba prosesa ya kizazi cha 8 cha Intel ao zaidi, pamoja na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa hiyo maofisi mengi ya inje yanaachana na mashini za kizazi cha 6 na cha 7 zingali nzima. Kwetu hiyo ni nafasi: mashini hizo zinafaa kushuka bei. Usikubali kulipa kizazi cha 6 bei ya kizazi cha 8.

Na ukishanunua ya kizazi cha 6, unaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, inasasishwa, inaongea Kifaransa, na haiogopi virusi vingi vinavyotembea kwenye kle za USB za sekretaria. Programu ya LibreOffice inafungua na kuandika mafaili ya Word. Kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu ao kuchapisha, ihifazi pia kwa PDF, ili kurasa zisihame. Na kwa jamaa isiyo na pesa ya mega kila siku, programu ya Kiwix inaweka Wikipedia ndani ya diski, watoto wasome bila intaneti.

Kupima mbele ya kulipa

Usilipe mashini yenye haijawaka mbele yako. Fuata hatua hizi, na muuzaji mwema hatakataa.

1. Omba afungue boksi. Tazama kwenye karte-mere vile vipande vidogo vya duara vilivyo sawa vikopo. Kama vichwa vimevimba ao vimetoa maji ya kahawia, acha.

2. Hesabu fasi za memori: ngapi ziko, ngapi ziko tupu. Tazama kama kuko fasi na kabo ya diski ya pili.

3. Washa na uingie kwenye BIOS, mara nyingi kwa F2, F10 ao Delete. Ikiomba neno la siri lenye muuzaji hajui, acha. Inaweza kuwa mashini ya wizi, ao haitakubali mabadiliko.

4. Soma humo jina kamili la prosesa na wingi wa memori. Linganisha na maneno uliyoambiwa.

5. Saa ikirudi nyuma kila mara unachomoa, ni batri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo si shida kubwa, inabadilishwa kwa pesa kidogo.

6. Tazama afya ya diski kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows. Inaonyesha saa ngapi diski imefanya kazi na kama ina majeraha.

7. Acha mashini iwake nusu saa ikicheza video. Ikizima peke yake, ao vantilateri ikipiga kelele sawa ndege, kuko joto kali ndani.

8. Jaribu priza zote za USB, ya sauti, na ya ekra. Hakikisha kabo ya ekra yako (VGA, HDMI ao DisplayPort) inalingana na mashini.

9. Omba karatasi yenye tarehe, namba ya mashini na siku za garanti. Maneno ya mdomo yanasahaulika haraka.

Ukinunua Gisenyi, Kigali ao Kampala, uliza kwanza ushuru wa mpaka na usafiri, uongeze kwenye bei. Na ujue kwamba mashini ikikataa, kuirudisha ni safari ingine.

Mpangilio wa pesa

Kwa mtu anayeanza bila kitu, tunapendekeza mpangilio huu. Awamu ya kwanza: boksi nzima ya ofisi ya kizazi cha 6 ao cha 8, yenye memori ya giga 4 ao 8, ekra ya okazio, klavye, na regilatere. Kama inakuja na diski ya kuzunguka, ichukue hivyo. Awamu ya pili, kisha mwezi ao miwili: SSD ya giga 240. Awamu ya tatu: memori ya kufika giga 8 ao 16. Awamu ya ine: onduleri ao batri kubwa zaidi. Karte grafiki iwe ya mwisho, kwa anayehariri video ao kucheza michezo tu, na kwa alimantasio ndogo achague ile isiyopita wati 75, yenye haiombi kabo yake ya umeme.

Kumbuka pia matunzo. Vumbi letu la mawe ya volkano ni kali na linaingia kila fasi. Usiweke boksi chini kwenye sakafu, iweke juu ya meza ao mbao. Kila miezi mitatu, chomoa, fungua, upulize vumbi kwa pampu ya kinga ao brashi laini, huku umeshika vantilateri isizunguke. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka. Na nakala ya kazi yako iwe kila wakati kwenye fasi ya pili, inje ya nyumba ikiwezekana. Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka na sehemu kubwa ya mji ikaombwa kuhama, watu walitoka na kile mkono ungeweza kubeba. Kle ndogo yenye nakala za diploma, picha na kazi za masomo inaingia mfukoni.

Vipande vilivyokufa, usivichome wala kuvitupa kwenye ravini. Ndani yake muko risasi na vitu vingine vyenye sumu. Fundi anaweza kuvinunua ao kuvichukua ili atoe sehemu zingali nzima. Tena, tusisahau kwamba ndani ya vile vipande vidogo vya karte-mere muko tantali, na koltani inayoitoa inachimbwa pia kule Rubaya, katika Masisi. Mashini inayotumika miaka kumi inatupunguzia hasara nyumbani, na hiyo mali ya udongo wetu inapata kututumikia kidogo na sisi.